Vitabu Tulivyomficha Mgeni

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Wengine hustaafishwa na umri, mimi nimestaafishwa na mama, ambaye amesema hawezi kulea mkutubi aliyefeli kidato cha nne. Ufunguo wa maktaba nimekabidhi, muhuri wa tarehe nimekabidhi, na kwa kuwa Mwalimu Eliakunda anasema mtu hatoki kazini kimya kimya kama paka, nawaandikia nyie mnaobaki zamu. Someni mpaka mwisho. Najua baadhi yenu huwa mnasoma kurasa mbili mnasema mmemaliza.

Vyeo sitavitaja. Nilianza kama mfagiaji, nikamaliza kama mkuu wa zamu. Tofauti yake ni kwamba mkuu wa zamu anafagia akiwa na ufunguo mfukoni.

Siku yangu ya kwanza sikuja kusoma, nilikuja kukwepa palizi. Nilikuwa kidato cha kwanza. Mama alikuwa ananiita kutoka shambani, mimi nikashuka upande wa pili wa migomba nikaingia mlango wa kwanza niliouona wazi. Ndani alikuwa Mwalimu Eliakunda, peke yake, anashona kitabu. Kitabu, siyo nguo. Alikuwa ameshika ile sindano ndefu iliyopinda ya kushonea magunia ya kahawa, na uzi wa katani ameung'ata kwenye meno.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kusoma?"

"Nimekuja kuangalia."

"Kuangalia ni kazi ya macho. Mikono naona imekaa bure. Shika hapa."

Nikashika mgongo wa kitabu saa nzima. Alishona taratibu, anapapasa kila tundu kwa kidole kabla ya kupitisha sindano, kama mama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. Alipomaliza akanipa nikinuse. Kilikuwa kinanuka katani na gundi. Kesho yake nikarudi, na mpaka leo palizi yetu haijaisha.

Mtaulizwa na wageni historia ya maktaba, kwa hiyo ijueni. Jengo lilikuwa ghala la kahawa la chama cha msingi. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, kuta zinaanza kunukia kahawa mpaka leo. Zamani sana, Mwalimu akiwa bado kijana, alikuja mzungu mmoja kupanda Mlima Meru. Kupanda alipanda. Kushuka ndiko kulimshinda, akavunjika mguu, akabebwa mpaka nyumbani kwa baba mkwe wa Mwalimu, akalala pale wiki tatu. Ile nyumba ilikuwa na vitabu vitatu: Biblia, kitabu cha nyimbo, na kijitabu cha kupambana na chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa. Mgeni hakujua Kiswahili, lakini hakuwa na kazi nyingine, akasoma vyote. Anaondoka alikuwa anajua kusali, kuimba na kupiga dawa mibuni.

Watu wakambatiza Babu Mguu. Jina lake halisi liko kwenye kibao cha mlangoni, ni refu kama reli, na sijawahi kumsikia mtu akilimaliza.

Alipofika kwao akaandika barua kwamba anataka kutujengea maktaba. Mwalimu anasema wazee walikaa vikao viwili. Kuna waliosema aombwe zahanati. Kuna aliyesema aombwe trekta, na trekta letu sijui lingelima wapi kwenye huu mteremko. Mwisho wakakubaliana: chama kikatoa ghala, akina mama wakabeba mawe kutoka mtoni kwa ajili ya sakafu na baraza, Babu Mguu akaleta bati, rafu na vitabu. Na pakawa na sharti, halikuandikwa popote lakini kila mtu analijua. Nyumba ni ya vitabu maadamu vinasomwa. Siku visiposomwa, inarudi kuwa ghala.

Niliwahi kumuuliza Mwalimu, "Sasa kwa nini kibao kina jina la mwenye bati tu?"

"Waliobeba mawe walikuwa wameshika mawe," akasema. "Hawakuwa na mkono wa kuandikia."

Halafu akaniambia kwamba hata huko ng'ambo mambo yalianza hivyo hivyo. Kulikuwa na tajiri wa chuma aliyejenga maktaba nyingi kuliko mtu yeyote, na kila mji aliuambia: mimi natoa jengo, nyie toeni kiwanja na mlishe maktaba yenu. Miji mingine ilikubali, mingine ilimkatalia kabisa, maana wafanyakazi wake walikuwa na maneno naye. "Hakuna maktaba ya bure," Mwalimu akasema. "Ipo ya kusaidiana tu."

Sasa masanduku. Marafiki wa Babu Mguu walikuwa wanatutumia vitabu kila mwaka, na roho zao zilikuwa nzuri, Mungu awabariki, lakini nafikiri walikuwa wanahamisha stoo zao. Tuna vitabu tisa vya kupunguza mwili, kwenye kijiji ambacho kuchota maji tu ni mazoezi. Tuna kitabu cha kutengeneza mashine ya kuondoa theluji. Tuna kitabu kinene kuhusu tabia za paka wa ndani. Mwalimu hakuruhusu kitupwe hata kimoja, zawadi haitupwi. Kwa hiyo tukawa na maktaba mbili chumba kimoja: rafu za mbele ni za vitabu vyetu, riwaya, hadithi, vya shule, vya ng'ombe wa maziwa, vilivyosomwa mpaka vimekuwa kama matambara; rafu za nyuma ni za theluji.

Vifaa vyenu ni hivi. Sindano ya gunia, msiiache kwenye kiti, mwenzenu Godlisten anajua kwa nini. Karatasi ya mfuko wa simenti, igeuzeni ndani nje, ing'uteni vumbi, ndiyo kava bora kuliko zote. Gundi ni unga wa ngano na maji ya moto. Msitumie unga wa mahindi, panya wanaamka. Na kaunta buku la kuazima, ambalo Mwalimu analiheshimu kidogo tu chini ya Biblia. Kitabu kisichoandikwa humo hakitoki hata kama nyumba inaungua.

Kesi ngumu nilizokutana nazo ni nyingi, nitataja mbili. Ya kwanza ni Mzee Akyoo, mfugaji wa nyuki, aliyekaa na kitabu cha nyuki mwaka mzima na ushee kabla ya kukirudisha. Nilipomfuata akasema hajamalizana na mwandishi. "Ukurasa wa thelathini ametukana nyuki wangu. Nikimrudisha sasa atajiona ameshinda." Ya pili ni Mama Ndeshi anayeuza ndizi. Tuna riwaya moja ya upelelezi ambayo ukurasa wa mwisho ulipotea, na aliyeusoma kabla haujapotea ni yeye peke yake. Kwa hiyo kila anayeimaliza lazima aende kwenye meza yake kuuliza muuaji ni nani. Hasemi mpaka ununue mkungu. Mwalimu aliita hiyo huduma ya rejea.

Nimefika kwenye kosa langu. Nilitamani kuliruka lakini Mwalimu ameniambia, "Andika na lile."

Mwaka huu Babu Mguu alifariki. Ikaja barua kwamba binti yake, Bi Anneke, atapita Jumamosi moja kutuona, kisha yeye na kaka zake wataamua kama waendelee na maktaba ya baba yao au waiachie. Barua ilikuwa na adabu sana, lakini hata mtoto alielewa: akikuta haisomwi, ghala linarudi kuwa ghala. Mwalimu aliisoma barua ile, yaani alinipa mimi nimsomee. Wiki hiyo hiyo alikuwa na tarehe ya hospitali, Arusha mjini, kutolewa mtoto wa jicho. Akataka kuahirisha. Tukamwambia, nenda Mwalimu, sisi tupo.

Sisi tulikuwepo. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Mnajua mgeni anavyopokelewa kwetu. Vikombe vya kila siku vinafichwa, vinatolewa vya kabatini vyenye maua. Hakuna aliyefundishwa, tumezaliwa tunajua. Basi nikasimama katikati ya maktaba nikaangalia rafu za mbele, vile vitabu vimeshonwa kama magunia, vingine havina pembe, kimoja kimetafunwa na mbuzi, nikaona aibu. Binti wa watu atoke mbali aje aone baba yake alitupatia vitabu tukavifanya hivi?

"Tunavitoa vyote," nikamwambia Godlisten. "Mbele tunaweka vya theluji. Ni visafi, na yeye ataona zawadi ya baba yake imetunzwa."

"Vyote?"

"Vyote."

Tukavipakia kwenye magunia, vitabu sitini na vinne, tukavipeleka stoo ya pumba ya shangazi yangu, chini karibu na njia ya sokoni. Tukapiga deki. Tukaazima vitambaa vya kufuma kwa akina mama wa kwaya tukatandika kwenye kila rafu. Na ili wasomaji wasilete matope, nikabandika tangazo mlangoni: Jumamosi maktaba imefungwa, kuna mgeni. Godlisten akasema pamependeza kama ukumbi wa harusi. Nilijisifu, sitawaficha.

Mwalimu alirudi Ijumaa jioni, jicho moja limezibwa pamba na plasta, lile jingine nalo lilikuwa bovu. Jumamosi asubuhi akaja amevaa kitenge chake kizuri, anashikilia bega langu. Hakuona kitu, akasikia tu harufu ya sabuni, akasema, "Mmejitahidi."

Bi Anneke alikuwa mama mrefu, mwenye mvi, hana makeke. Alizungumza Kiingereza cha polepole na mimi nilielewa karibu chote. Alisimama muda mrefu mbele ya kibao cha baba yake. Akala loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, akaongeza. Kisha Mwalimu akamwingiza ndani, akasimama pale katikati kwa fahari, akanyoosha mkono kwenye rafu za mbele bila kuziona.

"Chagua chochote," akasema. "Hakuna hata kimoja humo ambacho hakijasomwa na watu thelathini."

Bi Anneke akachukua kimoja. Kilipofunguliwa kikalia, ule mlio wa kitabu kisichowahi kufunguliwa. Kurasa zilikuwa bado zimegandana. Akakirudisha. Akachukua kingine, cha paka. Kikalia vile vile. Akaangalia meza tupu, viti vitupu, vitambaa. Halafu akamwangalia Mwalimu, na mimi nikauona uso wake unavyobadilika. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alimwonea huruma, kama unavyomwonea mzee anayedanganya kwa sababu hana kingine.

"Baba alipenda nyumba itumike," akasema taratibu. "Labda wakulima wanalihitaji ghala zaidi. Siyo aibu, Mwalimu."

Mwalimu akasogea mbele. Akapapasa rafu, akachukua kitabu, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wake. Akakiweka. Akapapasa cha pili, cha tatu. Alikuwa anatafuta uzi wa katani.

"Hivi si vyangu," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo. Kisha akageukia upande wangu, akarudi kwenye Kiingereza. "Watoto wamefanya usafi. Wamefanya vizuri."

Alinifunika. Angeweza kusema, ni huyu hapa, alaumiwe. Alikubali aonekane mwongo na jengo liende, kuliko kuniaibisha mbele ya mgeni. Nimefanya utani maisha yangu yote, na siku ile nilitafuta hata mmoja wa kujifichia, sikuupata.

"Ni mimi," nikasema. "Vitabu vyenyewe nimevificha."

"Umevificha wapi?" akauliza Bi Anneke.

"Kwenye pumba za kuku."

Nadhani alidhani Kiingereza changu kimekosea. Nikarudia. Godlisten akathibitisha kwa kichwa.

Tukashuka wote wanne. Ilikuwa siku ya soko, njia imejaa. Kwa shangazi tukaazima toroli, tukapakia magunia, tukayafungua midomo ili Bi Anneke aone. Akatoa kimoja, kile cha kutafunwa na mbuzi, akatembea amekishika, anapapasa zile nyuzi kama Mwalimu. Tukaanza kupanda.

Hatukufika mbali. Mama Ndeshi alikuwa anashuka na mkungu kichwani, akasimama bila kuutua.

"Upendo, hivyo si vitabu vya maktaba? Mnavipeleka wapi?"

"Vinarudi, mama."

"Nipe ya muuaji. Nimesahau alimuulia wapi, wateja wananisumbua." Akaichomoa, akaibana kwapani, akaenda zake.

Nyuma yake Mzee Akyoo, anayeegemea fimbo. Akachungulia kwenye toroli. "Mnamburuta huyu mtu kwenye vumbi hivi? Mnipe. Tuligombana lakini siyo kiasi hiki." Akaondoka na kitabu cha nyuki. Kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki na abiria juu yake, akachukua cha baiolojia, anarudia mtihani. Abiria akashuka, akachukua cha ng'ombe. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kama kile cha mapenzi kipo au bado kiko kwa mke wa mchungaji. Kilikuwepo, akakibeba. Mimi napiga kelele kwamba havijaandikwa, subirini kaunta buku, hakuna anayenisikia. Godlisten ndiye alikuwa anasukuma, na alisema kila kona toroli linakuwa jepesi.

Karibu na kanisa, mtoto wa darasa la nne, Nai, akaja moja kwa moja kwa Bi Anneke.

"Shikamoo. Hicho nilikitangulia mimi."

Bi Anneke akaniangalia nimtafsirie.

"Anasema yuko kwenye foleni kabla yako," nikamwambia.

Akakitoa kwa mikono miwili. Nai akakipokea, akakagua kama mgeni hajachana kitu, akashukuru, akakimbia.

Tulifika maktaba na vitabu saba. Bi Anneke akakaa kwenye baraza, kwenye yale mawe, akavua viatu, akacheka mpaka akafuta macho, halafu akaendelea kuyafuta bila kucheka. Alikuwa na msiba, tulikuwa tumesahau.

"Nitawaambia kaka zangu nimekuta maktaba haimo ndani," akasema. "Ilikuwa imetoka."

Ghala halirudi. Masanduku pia yamesimama: sasa tunaandika wenyewe orodha ya tunavyotaka, nakala iko kwenye droo, ongezeeni yenu, na Godlisten asiandike mambo ya mpira peke yake.

Mgeni alipoondoka, nikabaki na Mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa.

"Upendo. Bibi yako ana meno mangapi?"

"Manne, Mwalimu."

"Akija mgeni kwenu, mnamficha?"

"Hapana. Anakaa kiti cha mbele."

"Basi," akasema. Na hajawahi kulitaja tena.

Lakini kaunta buku ni kaunta buku. Vitabu hamsini na saba vilikuwa nje bila kuandikwa, na Mwalimu akaniambia sistaafu mpaka kila kimoja kiwe na jina. Nikapita nyumba kwa nyumba siku nne, mpaka kule chini Kikatiti, yule abiria wa bodaboda alikokipeleka cha ng'ombe. Nikaandika hamsini na sita. Kimoja, hadithi nyembamba ya kava la simenti, hakuna aliyekichukua wala aliyemwona aliyekichukua. Siku ya tano nikaenda kwa Mwalimu kukiri kwamba nimeshindwa.

Nikamkuta uani, amekaa juani, plasta imetolewa. Kile kitabu kilikuwa mapajani mwake, kimefunguliwa ukurasa wa sita.

"Nilikichukua kwenye toroli," akasema. "Wote walikuwa wanachukua."

Nikamuuliza mara ya mwisho kusoma kitabu kizima ilikuwa lini. Akafikiri. Akasema kabla mimi sijaanza kidato cha kwanza. Miaka yote ile alikuwa anashona vitabu asivyoviona, na sisi tunamsomea barua, tunadhani ni heshima anatupa.

"Usisimame hivyo, unaniziba mwanga. Niandike."

Nikafungua kaunta buku. Jina lake halikuwemo hata ukurasa mmoja. Nikaliandika, nikaweka tarehe ya kurudisha, wiki mbili, kama kwa mtu yeyote. Itaangukia zamu yenu. Msimwogope. Mfuateni nyumbani, mwamkieni, mkumbusheni. Na akisema hajamaliza, mwongezeeni.